Maji ya Lubarika Yanachemka kwa Ngapi

Siku yangu ya kwanza kazini nilidanganya. Nawaandikia ninyi mnaobaki na funguo za laboratwari ya chuo chetu hapa Uvira, na sipendi mlisikie jambo hilo kwa mtu mwingine. Habari za vyeo na mishahara mtazikuta kwenye faili, kama panya wamewaachia. Mimi naandika yale ambayo hayamo kwenye faili.

Aliyenipokea alikuwa Papa Gervais, mtunza laboratwari, mzee mfupi aliyevaa koti jeupe lililogeuka rangi ya chai. Hakuniuliza jina. Alinipa sufuria ya maji, jiko la mbabula, makala ya kuwashia na themometa, akasema, "Chemsha. Uniandikie yanachemka kwa degre ngapi." Akatoka. Nilikuwa nimemaliza masomo juzi tu, tena kwa alama nzuri, nikaona ananidharau. Maji yalipoanza kutokota mimi nilikuwa dirishani natazama wanawake wanavyogeuza samaki wa ndagala juani. Nikaandika mia moja bila kuisogelea sufuria.

Alirudi, akasoma karatasi, akanitazama.

"Weye ulipima, ao ulisoma?"

"Nilipima, Papa."

"Haya. Tupime wote."

Themometa ilisimama kwenye tisini na saba. Nilipuliza makala mpaka machozi yakanitoka, nayo haikusogea. Na ubaya ni kwamba sababu nilikuwa naijua vizuri sana. Ziwa letu liko juu, karibu metre mia nane kutoka usawa wa bahari. Huku hewa inakandamiza kidogo, kwa hiyo maji hayangoji mia moja ndipo yachemke. Nililieleza hilo kwenye mtihani wangu wa mwisho na nikapata alama zote. Nilisikia aibu mpaka masikioni. Papa Gervais hakunishtaki kwa mtu. Alichana karatasi, akanipa nyingine, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, kila nilipomletea namba aliuliza swali lile lile: ulipima ao ulisoma?

Tulifundisha kwa vitu tulivyokuwa navyo. Bureti yetu moja, mrija wa kioo wa kudondoshea asidi, ilivunjika mdomo, Papa Gervais akaisaga kwa jiwe la kunolea visu, ikaendelea kudondosha tone kwa tone kwa miaka mingi kuliko baadhi ya walimu. Dawa ya kuonyesha asidi ilipokosekana tulichemsha maua mekundu ya ngaingai, na nawaambia, maji ya ngaingai hayajawahi kunidanganya. Yakikutana na ndimu yanawaka, yakikutana na majivu yanakuwa ya kijani chafu. Msiyatupe kwa sababu eti sasa mna chupa zenye lebo.

Udanganyifu wa siku zile ulikuwa wa mikono. Mmoja aliandika kanuni zote za gesi kwenye nyayo za viatu vyake, halafu siku ya mtihani mvua ikanyesha. Mwingine alivaa sweta kwenye jua la Uvira, jambo ambalo lenyewe ni ungamo. Niliwakamata wengi, na sikatai, nilifurahia. Wanafunzi waliniita Mama Asistanti, na jina hilo halikunitoka hata nilipoacha kuwa asistanti, yaani mwalimu msaidizi.

Papa Gervais alipofariki, mke wake aliniletea ile themometa ya siku ya kwanza, ndani ya kipande cha mwanzi kilichojazwa pamba. Alisema mzee aliagiza nipewe. Nililia pale mlangoni kama mtoto, na yule mama ndiye aliyenibembeleza.

Kisha ukaja wakati ambapo walimu wa bonde la Ruzizi hawakuweza tena kushuka mjini kila Jumamosi. Mara barabara haipitiki, mara nauli ya moto, yaani pikipiki, imepanda, mara watu wameambiwa wasitembee. Hao walikuwa walimu wa sayansi wanaofundisha tayari lakini hawana cheti, na shule zao zilikuwa zimewaambia waziwazi: bila cheti, nafasi yako anapewa mwingine. Tukaamua kuwafundisha kwa simu. Mwenzetu Espoir, fundi wa kompyuta asiyejua kuketi, alitengeneza mahali pa mtandaoni ambapo mtu anasoma somo, anafungua swali, anatuma jibu, na mashine inasahihisha. Jaribio atalifanya nyumbani kwake.

Mwaka wa kwanza nilidai picha za kila jaribio. Picha zikaja. Mtu mmoja anayeishi Rugenge, mitaa miwili kutoka kwangu, alinitumia picha safi ya sufuria yake, na nyuma yake, dirishani, theluji inaanguka. Nilitoka nje nikatazama juu, pengine nimepitwa na jambo. Nikampigia simu.

"Hii theluji ya Rugenge umeitoa wapi?"

"Mama, ile iko vumbi ya barabara tu."

Niliacha kudai picha. Hazikuwa zinathibitisha kitu, na tena zilikuwa zinakula mega za simu za walimu ambao hata mshahara unawafikia kwa kusuasua. Nikasema nitawakamata kwa akili.

Mtego wangu mlikwisha kuujua, maana nimejisifu nao hapa kwenye korido mpaka mkachoka. Niliwaagiza wachemshe maji na kuniandikia degre. Korije ya majibu sahihi tuliyoletewa pamoja na somo, kutoka nje, ilisema mia moja. Nikamwambia Espoir aweke tisini na saba.

"Mama, kitabu kinasema mia."

"Kitabu hakikuzaliwa Uvira."

Niliruhusu degre moja juu na moja chini kwa ajili ya watu wa bondeni, ambako ardhi inainuka kidogo kuliko hapa ziwani. Majibu yakaja: mia, mia, mia, mia na nukta sifuri. Kila aliyeandika mia alikuwa amesoma bila kupima, na mashine ikamwangusha. Nilicheka peke yangu ofisini. Nilijiona Papa Gervais mwenyewe.

Mwaka wa pili nikauliza swali lile lile. Wa tatu pia. Swali likikupa sifa, unakuwa mvivu wa kulibadilisha, na mimi niliona uvivu huo ni msimamo. Mwaka wa nne karibu wote waliandika tisini na saba. Nikasema, tazama, watu hawa sasa wanapima! Nilitembea nalo kichwa juu wiki nzima, mpaka mume wangu akaniuliza kama nimechaguliwa kuwa mbunge.

Katika majibu hayo kulikuwa na moja lililonikera. Riziki, mwalimu wa kemia na biolojia kule Lubarika, mama wa watoto watatu, mwenye sauti ndogo ambayo kwenye simu unaiomba irudie, aliandika tisini na tano. Aliandika kwamba alipima mara tatu, na mara zote tatu ni tisini na tano. Mahali: Lubarika. Nilichukua kalamu nikakokotoa. Kwa urefu wa Lubarika pale bondeni, maji yanachemka kwa tisini na sita na kitu. Tisini na tano haiwezekani. Nikaona wazi mbele yangu mtu aliyesikia kwamba jibu si mia, akakisia, halafu akaongeza "mara tatu" ili tumwamini. Kukosea ni kupoteza alama. Kutunga matokeo kwetu ni udanganyifu, na adhabu yake ni kupoteza mwaka mzima. Nilijua kwamba kwa Riziki mwaka ni nafasi ya kazi, maana mkurugenzi wake alikuwa anangoja cheti mwezi ule ule. Niliandika ripoti hata hivyo.

Aliitwa mbele ya juri ya mitihani. Alishuka na moto kutoka Lubarika, vumbi mpaka kwenye nyusi, akasimama badala ya kukaa. Mkuu wa idara yetu, ambaye ndiye aliyeongoza juri, alimuuliza kwa upole alipimia wapi.

"Lubarika, Chef."

Nikaingilia. "Lubarika maji hayachemki kwa tisini na tano. Nimekokotoa. Kama unataka kutunga, madamu, tunga karibu."

"Minye siko nadanganya, Mama. Antena ya simu ya chini ilizimika, mafuta yake iliisha. Rezo iko juu tu, mu kilima. Nilipimia kule."

"Ulipanda kilima na sufuria?"

"Na mbabula."

Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Riziki aliwangoja wamalize, halafu akanigeukia, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

"Mama Asistanti, weye ulishapima kule?"

Hakuna aliyejua kwa nini niliacha kucheka ghafla vile. Mle ndani hakuwepo hata mmoja aliyemjua Papa Gervais. Nilikuwa nimemhukumu mtu kwa kalamu na karatasi, mimi, niliyechaniwa karatasi siku ya kwanza. Nilisema, "Hapana. Sijapima." Mkuu akatupa muda mpaka Jumatatu.

Jumamosi asubuhi nilichukua kipande changu cha mwanzi, nikapanda moto mpaka Lubarika. Magoti yangu daktari alikwisha kuyakataza ngazi, achilia mbali kilima. Riziki alinikuta njiani, sufuria kichwani, mbabula mkononi, na tukapanda. Yeye alikuwa anapumua tu. Mimi nilikuwa natweta na kuwalaani, kimoyomoyo, watu wote waliowahi kuvumbua simu. Wanawake waliobeba mihogo walinipita mara mbili, wakishuka na wakipanda tena, na mara ya pili mmoja alinipa fimbo yake. Tulitumia karibu saa mbili.

Huko juu kuna mahali tambarare ambapo watu wa pale wamepaita Kwa Alo, maana kila anayefika anapiga kelele: alo! alo! Tuliwakuta watatu, kila mmoja amesimama kwenye jiwe lake, wanashika rezo ya simu ya ng'ambo ya Ruzizi. Mmoja wao, mama wa makamo, alipotuona alishusha simu.

"Eeh! Mwalimu amerudi na sufuria yake! Siku ile tulifikiri anatupikia chai, kumbe anachungulia maji tu!"

Chini ya jiwe moja kulikuwa na majivu ya makala na alama nyeusi ya mbabula kwenye ardhi. Nilisimama nikaitazama alama ile. Riziki alikuwa anawasha moto.

Maji yalichemka. Nilitumbukiza themometa ya Papa Gervais, nikainama jicho langu likawa sawa na mstari, nikangoja. Tisini na tano. Nikaitoa, nikaipangusa, nikairudisha. Tisini na tano. Nikamwaga maji, tukachemsha mengine. Nilipima mara tatu, kama yeye alivyoandika, na mara zote tatu ni tisini na tano. Nikakaa chini kwenye vumbi na kitenge changu kizuri.

"Mbona hukuchemshia nyumbani?" nilimuuliza, ingawa nilikuwa nimeanza kuelewa.

"Swali linafunguka penye rezo tu, Mama. Na mulitupatia saa mbili toka kulifungua. Nikifungua huku, nishuke kuchemsha, nipande tena, saa zimeisha. Mulisema tuwe na moto na maji karibu. Basi nikavileta."

Saa mbili nilizipanga mimi, ofisini, nikifikiria watu wenye rezo jikoni.

"Na wenzako wa Lubarika? Nao walifungulia hapa?"

"Ya wenzangu minye siwezi kusema." Alichochea makala. "Lakini Mama, bote banajua weye unapenda tisini na saba. Iko mu grupu ya simu toka mwaka jana."

Wiki ile nzima niliyotembea kichwa juu! Hawakuwa wameanza kupima hata kidogo. Walikuwa wameacha kukisoma kitabu, wakaanza kunisoma mimi. Mia moja yao ya zamani ilikuwa sasa tisini na saba, na mimi ndiye niliyekuwa natoa alama.

"Na weye ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Mbona basi hukuiandika? Ungepita. Leo ungekuwa na cheti chako."

Aliniangalia kama vile nimeuliza jambo la ajabu.

"Themometa haikuonyesha ile."

Ndugu zangu, nimepewa maneno mazuri na watu wengi kazini. Hakuna lililonichoma kama hilo. Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya mama wa simu, na niliomba kwa sauti. Riziki alisema hakuna neno, na nikamwambia kuna neno, asinirahisishie. Tukashuka. Nyumbani kwake nilikula bugali na sombe ya majani ya mihogo, na watoto wake watatu waliyatazama magoti yangu yaliyovimba kwa heshima kubwa.

Jumatatu nilisimama mbele ya juri nikachana ripoti yangu. Nikawaeleza kilima, antena, saa mbili, tisini na tano. Mkuu alifurahi kwamba jambo limeisha. Nikamwambia halijaisha, nikawaeleza grupu ya simu. Hapo ukumbi ukachafuka. Mmoja akapiga meza: waangushwe wote walioandika tisini na saba!

"Wote?" nikasema. "Na mtu wa hapa mjini aliyepima kweli akapata tisini na saba, tunamjuaje? Na aliyeuliza swali moja miaka minne mfululizo, yeye mnampa adhabu gani?"

Haikuwa kawaida yangu kujishtaki, na hawakuwa na kifungu chake. Mwishowe tulikubaliana: jina la Riziki lisafishwe kwa maandishi na cheti chake kitoke na wale wa kwanza, swali langu lifutwe, na wengine wote warudie jaribio kwa njia nyingine. Barua ya kumsafisha niliiandika kwa mkono wangu, nikampa dereva wa moto siku ile ile. Ilimfikia mkurugenzi wake kabla ya mwezi kwisha.

Njia hiyo nyingine ndiyo mnayoitumia hadi leo, na naomba mjue ilikotoka. Mwanafunzi anachemsha maji popote alipo, siku anayoweza, bila saa ya kumkimbiza. Anatuma namba, mahali, na maneno machache: alisimama wapi, aliona nini, nani alikuwa karibu. Espoir aliniuliza aweke korije gani.

"Usiweke."

"Mama, mashine haiwezi kusahihisha bila korije."

"Basi ipumzike. Nitasahihisha mwenyewe."

Nilitandaza ramani ya eneo mezani na kuweka kila namba mahali pake. Mjini, tisini na saba. Mutarule, juu kidogo ya hapo, zilianza kushuka. Lubarika chini, tisini na sita na nusu, tisini na saba. Wa milimani, tisini na tano, tisini na nne. Zilipangana zenyewe kwa jinsi ardhi inavyopanda. Waliotunga walibaki wamesimama peke yao, mtu yuko mlimani na maji yake yanachemka kama ya ziwani. Niliwapigia simu mmoja mmoja, nikawauliza swali la Papa Gervais. Wawili walikata simu. Mmoja alilia, akachemsha, na sasa anafundisha vizuri sana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kusahihisha bila kujua jibu, na sikuwahi kusahihisha kwa furaha kama siku zile.

Kwa hiyo msinililie kuhusu simu zinazojibu zenyewe na programu zinazoandika ripoti nzima mtu akiwa amelala. Naziona, siziogopi. Ukiuliza jambo lililo kitabuni, utajibiwa na kitabu, na kila mwaka kitabu kinakuwa kijanja zaidi. Muulize mtu maji ya mahali aliposimama. Na ukishapata swali zuri, lifurahie mwaka mmoja, halafu liache.

Siku ya kuondoka kwangu mlinifanyia sherehe, mlinipa kitenge na hotuba ndefu ambayo ningeipunguza. Riziki alikuwepo, mnajua, maana ndiye anayeshika nafasi yangu kwenye masomo ya mtandaoni. Hotuba zilipoisha nilimwita laboratwari, sisi wawili, nikampa kile kipande cha mwanzi. Nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilimwambia hii ni ya Papa Gervais, imepima hapa toka siku yangu ya kwanza, haijawahi kukosea.

Riziki aliichomoa kwenye pamba, akaigeuza kwenye mwanga. Hakunishukuru. Alitoka nje mpaka kwa mama anayeuza barafu ya mifuko getini, akarudi na mfuko mmoja, akaupasua, akaponda barafu kwenye bilauri, akaitumbukiza themometa ndani. Barafu ilianza kuyeyuka, na hiyo, ziwani au mlimani, ina namba moja tu. Tulisimama wote wawili, vichwa vimeinama, tunangoja. Aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na mstari.

"Sifuri," alisema.

Ndipo akaniambia aksanti.